Pengo la Kishindo

Jumatatu, 5 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako zimo ndani ya bahasha, zitoe polepole zisimwagike. Mimi mzima, mzima kuliko hao uliobaki nao huko. Nimefika salama. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, usiite watoto wa jirani wakusomee, isome mwenyewe, herufi zangu ni kubwa kama matofali na matofali ndiyo kazi yangu. Simu sitaki. Kwenye simu mwanamke analia, mwanamume anasema haya nimesamehe, na mimi sijasamehe mtu.

Nakaa chumba cha nyuma kwa mwanangu. Kazi yake unaijua, kuchomea vyuma, basi kitanda changu kimezungukwa na mageti ya watu. Nalala kama mfungwa tajiri, mageti kila upande na hakuna hata moja lililofungwa. Ukuta wa chumba nimeshamwambia, aliyeupiga lipu alikuwa kipofu au alikuwa hajalipwa.

Sasa tuje kwenye kiti.

Mimi nimeingia kwenye duara lile la ngoma Kinyozi hajaota hata ndevu za kujinyoa mwenyewe. Ukuta wa mashine ya kusaga, huo mnaouegemea mkipumzika, nani aliupiga lipu? Mimi. Nikikanyaga mguu wa kulia unga unadondoka kwenye mbao za paa, ndiyo maana watu wakaniita Kishindo, sikujiita. Halafu Jumamosi nafika, njuga zangu mguuni, nakuta nyuma ya mahali pangu kuna kiti cha plastiki. Cha bluu! Kile cha wateja wake wanaosubiri zamu ya kunyolewa! Na Kinyozi anachekacheka, "Mzee wetu, leo utupigie makofi tu." Makofi? Makofi wanapiga watoto na wageni waalikwa. Nikakipiga teke kikaruka mpaka ukutani, watu wote waliona, nikaondoka kwa miguu yangu mwenyewe.

Nimesusa. Ukiulizwa sema hivyo hivyo. Na masharti ya kurudi ni haya, msomee Kinyozi mbele ya watu. Aje yeye mwenyewe, kiti kichwani, kutoka stendi mpaka geti la mwanangu, na Mpiga ngoma awe nyuma yake anapiga. Kiti kivunjwe nikiona. Hapo nitafikiria.

Mahali pangu paachwe wazi. Kama amesahau sheria mkumbushe. Aliyesafiri, anayeumwa, aliyesusa, pengo lake linabaki, duara linazunguka nalo. Pengo linalofungwa ni la marehemu tu, na wanaolifunga ni waliokuwa ubavuni mwake, wa huku na wa huku, wanashikana mikono juu yake. Mimi sijafa. Kushoto kwangu wewe, kulia kwangu yeye. Asikuguse mkono.

Majibu mpe dereva wa lori la saruji, anapita hapa kila wiki. Ni mtu wangu huyo, kupanga mifuko nilimfundisha mimi.

Kaka yako,
Kishindo


Jumapili, 18 Februari

Kaka,

Nimeisoma mwenyewe kama ulivyotaka, ila nilipofika kwenye kiti kichwani nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Naye akamsomea mumewe. Nisamehe, sasa mtaa mzima una masharti yako na Kinyozi ameyasikia kabla sijafungua mdomo. Amesema shingo yake haibebi kiti. Nikamwambia hata kichwa chenyewe haikibebi vizuri.

Lakini tuseme ukweli, kwa kuwa hapa tuko wawili. Kiti hakikuruka, kaka. Wewe ndiye uliyeruka. Kiti kilisogea kidogo, wewe ukakaa chini kwenye pumba, mimi na Muuza maziwa tukakuinua.

Pengo lako lipo. Jana tumecheza nalo. Ungeona. Mashine ilipozimwa tu watu walikuwa wameshajaa, wengine mikono bado ina sabuni ya kufulia, fundi baiskeli na grisi yake mpaka kwenye viwiko, yule mama wa duka la kona amefunga duka wateja wakiwa mlangoni, naye kawaambia wanaotaka sukari wafuate ngoma. Mpiga ngoma akabanika ngozi juu ya moto wa magunia. Tulipoanza kuzunguka, pengo lako likawa linazunguka nasi kama jino lililong'oka kwenye mdomo unaocheka. Mgeni mmoja akadhani ni nafasi, akataka kuingia. Tulimzomea kama mwizi wa kuku, maskini, akarudi nyuma mikono juu. Mkono wangu wa kulia ulining'inia hewani raundi zote. Mkono uliozoea kushikwa ukiachwa hujui uuweke wapi. Wa kushoto wa Kinyozi nao hivyo hivyo. Nilimwona anaufichaficha kwenye shati.

Mimi sijambo. Kifua kinabana nikimaliza raundi, ni vumbi la unga hilo. Cherehani inakwenda, nimepata kazi ya sare za shule. Mvua ikinyesha maji yanaingia chini ya mlango kama kawaida, ile sakafu uliyonipigia ulininamishia upande wa kitanda.

Rudi, kaka. Rudi bila kubembelezwa, tuone kama utapungua kilo.

Mdogo wako


Jumanne, 12 Machi

Mdogo wangu,

Kiti kiliruka. Muulize yeyote mwenye macho. Na sakafu yangu haina kosa lolote, mvua za siku hizi ndizo zinazonyesha upande.

Mambo yangu huku ni makubwa, sijui nikuelezeje usione wivu. Nimeanzisha duara. Vibarua wa mwanangu wote wanacheza, na majirani, na mwenye nyumba kaja kuchungulia akashindwa kuondoka. Wananiita Mwalimu. Juzi nimewafundisha kuanzia mchana mpaka jua likazama, nikiwa nimekaa, kwa sababu mwalimu hasimami, anayesimama ni mwanafunzi. Mwanangu amenichomea fimbo ya chuma. Si ya kutembelea, ni ya fasheni, wazee wa maana wa hapa wote wanazo.

Sasa sikia. Dereva wa saruji ana mdomo. Ameniambia huko mnanong'ona, mnataka kunifanyia ugonjwa. Mimi! Ugonjwa ni nani aliyeubuni? Muuza maziwa aliposusa kwa sababu tulimwimba na ndoo yake yenye maji mengi kuliko maziwa, ni nani aliyempelekea habari kwamba Mpiga ngoma anakata roho? Akaja mbio, viatu viwili tofauti, kabeba maziwa ya mgonjwa, safari hiyo bila maji. Anagonga, mlango unafunguka, mgonjwa huyo anatoka na njuga mguuni, chacha chacha, na sisi wote nyuma yake! Akatukana ukoo mzima wa Mpiga ngoma, akalia, mwisho akacheka. Na ukishacheka umerudi, kususa kumekwisha, hiyo sheria nayo niliiweka mimi. Tangu hapo kila anayesusa anauguliwa. Wote mmerudishwa hivyo. Kinyozi alirudishwa kwa ugonjwa wa mama mkwe, akaja mbio zaidi ya tulivyotarajia, tukacheka mwaka mzima kwamba alikuwa anawahi mirathi.

Mimi peke yangu sijawahi kurudishwa. Mwenye mtego haingii mtegoni. Kwa hiyo usijaribu kuniugulia. Wewe nakujua, kukohoa ulianza utotoni ikifika zamu yako ya kuchota maji, mama anakufunika blanketi, mimi nabeba ndoo mbili.

Masharti yako palepale.

Kaka yako, Mwalimu,
Kishindo


Alhamisi, 9 Mei

Mzee Kishindo,

Shikamoo. Mimi si mtu wa kalamu, ni mtu wa mkasi, utanivumilia.

Mdogo wako anaumwa. Si ule ugonjwa wetu. Jumamosi alitoka duarani wimbo haujafika katikati, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Yeye, ambaye sijawahi kumwona amekaa ngoma ikilia. Tulisimama wote, hakuna aliyetania. Tumempeleka hospitali, daktari anasema moyo umetanuka na maji yanajaa. Miguu imevimba, viatu havimwingii. Alitukataza kukwambia, anasema utarudi kwa hasira na hasira haiwafai wagonjwa. Mimi nimeona nikwambie.

Kama tatizo ni kiti, naomba radhi. Naomba hapa kwenye karatasi, ukipenda itundike kwenye geti wapita njia wasome. Ila njoo.

Ni mimi,
Kinyozi


Jumatatu, 20 Mei

Wewe Kinyozi,

Marahaba, ingawa uliyemwamkia ulishampa kiti.

Umeandika "si ule ugonjwa wetu." Maneno hayo hayo niliyatumia mimi kwa Muuza maziwa, nilimwambia, mama, huu si mchezo, njoo. Hata kuiba hujui, unaiba kwa mwenye nyumba na yuko macho. Na daktari umemweka, na miguu umeivimbisha! Mtu hodari hapambi hivyo. Mimi nilisema anakata roho, basi, nikanyamaza. Uongo mzuri ni kama lipu, ukizidisha saruji unapasuka.

Ila umenifumbua macho kwa jambo moja, kwamba kiti bado kipo na watu wanakikalia. Ahsante kwa habari. Radhi ya karatasi sipokei. Kiti ulinipa mbele ya watu, radhi utaiomba mbele ya watu.

Na umwambie mdogo wangu akome kukubali kutumiwa.

Kishindo


Jumatano, 19 Juni

Kaka,

Naandika nimeegemea mito miwili, nikilala chali pumzi inagoma. Mkono ukipinda ujue ni kitanda, si mimi.

Dereva ameniambia ile fimbo si ya fasheni. Usimgombeze, nilimbana. Ameniambia pia hakuna duara hapo, kuna mzee mmoja amekaa kwenye ngazi anawaambia vibarua wanavyokosea kukanyaga, na vibarua wanachomea geti. Basi tumedanganyana sote. Wewe ulisema una duara, mimi nikasema kifua ni vumbi la unga. Tuache sasa, tumeshakuwa wakubwa.

Kiti kilikuwa wazo langu. Kinyozi alikataa mara ya kwanza na ya pili, nikamwambia weka, na ukilaumiwa nyamaza. Amenyamaza mpaka leo, kwa hiyo ile shingo yake tuliyoicheka kumbe inabeba.

Kaka, ulikuwa umeacha kunishika mkono siku nyingi. Ulikuwa unaniegemea. Ukikanyaga ule mguu, kishindo kilikuwa chako lakini uzito ulikuja kwangu, bega langu linajua, mpaka leo likiguswa linauliza uko wapi. Sikuchukia. Ulikuwa unaimba, unacheka na mama wa duka, unamtania Mpiga ngoma kwamba anapiga kama anafukuza nzi, na mimi nasema moyoni acha aegemee, mimi ni ukuta wake. Kisha pumzi ikaanza kunipungua. Nikaona siku moja ukuta utaanguka na wewe utaanguka nao, mbele ya watu, na hutainuka tena kwa aibu. Nikaona afadhali kiti. Na hata leo ningekiweka. Kukwambia nyumbani ningeshindwa, unajua unavyopiga kelele.

Najua utasema huu ni ugonjwa wa mlangoni. Ndiyo maana nakutumia hiki kifurushi. Ni njuga zangu. Mgonjwa wa uongo hatoki mlangoni bila njuga, sheria yako hiyo. Basi zangu unazo wewe. Sitatoka.

Njoo tu. Sikwambii uje ucheze. Njoo unishike mkono, na safari hii usiegemee.

Mdogo wako


Jumapili, 7 Julai

Mdogo wangu,

Kifurushi nimekipata. Hiyo sasa ndiyo akili! Kutuma njuga! Mimi niliyeubuni ugonjwa sikuwahi kuifikiria hiyo, nakupigia saluti, damu yangu unayo. Nilikaa nazo mapajani siku nzima nikicheka. Lakini umesahau mtu mmoja. Muuza maziwa ana jozi mbili, na miguu yenu ni saizi moja, viatu mmeazimana tangu mko wasichana. Umeona? Kishindo haingii.

Njuga nimezitundika kwenye geti la tajiri mmoja ambaye hajaja kulichukua. Upepo ukipita zinalia. Mkwe wangu anataka nizitoe, anasema zinamtia huzuni. Nimemwambia njuga hazina huzuni, mwenye huzuni ni asiyejua kuzivaa.

Kuhusu kiti, unamkingia kifua Kinyozi, una huruma hujaanza leo. Ndugu yangu wa tumbo moja hawezi kuniwekea kiti. Na kuegemea, nani? Mimi sijawahi kuegemea hata ukuta niliojenga mwenyewe. Labda siku moja mbili niliinama upande wako ili nisikie wimbo vizuri.

Mmemhonga hata mwanangu. Kila siku ananiletea simu, "Baba, shangazi." Namwambia niko chooni. Yuko mbele yangu ananiona nimekaa kitandani, namwambia niko chooni. Leo amezima mashine ya kuchomea mchana kweupe, wateja wapo, akaja kunikalia mbele na macho mekundu. Nikamwambia vaa miwani ya kazi, huo ni moto wa kuchomea. Akainuka kwenda kufunga mkoba. Amesema kesho anakuja huko. Na aje. Mlishe vizuri, halafu akirudi atanieleza ni nani aliyetoka mlangoni.

Masharti yako palepale, ila kwa kuwa umetuma njuga nimeyapunguza. Kiti kisibebwe kichwani. Kibebwe begani.

Na usikae na mito miwili, shingo itakuuma. Mmoja unatosha.

Kaka yako,
Kishindo


Jumapili, 4 Agosti

Mzee Kishindo,

Mdogo wako amefariki. Ilikuwa Jumatano asubuhi, tarehe kumi mwezi uliopita, siku ya pili baada ya mwanao kufika. Alikuwa amekunywa uji kidogo, akauliza kama lori la saruji limepita. Tukamwambia bado. Hakuuliza kingine.

Lilipita kesho yake, tukitoka makaburini. Dereva akashuka na barua yako mkononi, hakujua ampe nani. Mwanao aliisoma kwa sauti, alipofika kwenye "kibebwe begani" akaikunja akaiweka mfukoni. Alimpigia mkewe simu akuambie. Ameniambia ulichomjibu, kwamba yeye naye anajua kuigiza. Sikulaumu. Nakuandikia tu ujue ilikuwaje.

Hapakubaki mtu mtaani. Mama wa duka, fundi baiskeli, hata yule mgeni tuliyemzomea alibeba udongo. Zile sare za shule zilikutwa zimekunjwa mezani, zimekwisha isipokuwa vifungo, na majirani wamekaa wakazimalizia.

Sasa kuna jambo lazima ulisikie kwangu, usilisikie kwa dereva. Pengo la marehemu linafungwa kwa mikono miwili, ya huku na ya huku. Huku alikuwepo Muuza maziwa. Huku ulitakiwa wewe. Jumamosi ya kwanza tulisimama, Muuza maziwa akanyoosha mkono, Mpiga ngoma akashika fimbo zake asipige, wote tukaangalia njia ya stendi. Mkono ukakaa hewani mpaka ukachoka. Tukatawanyika. Jumamosi mbili zilizofuata vilevile, mwanao akiwa amesimama nasi kabla hajarudi huko. Yeye ndiye aliyesema msimsubiri baba.

Jana nimenyoosha wangu. Baada yako ni mimi, sikuwa na la kufanya. Mkono wangu na wa Muuza maziwa ikavuka mahali pake na mahali pako kwa pamoja. Hakuna namna ya kuvuka lake na kuacha lako. Si kwa hasira, mzee wangu, naapa. Lakini sheria uliiandika wewe mwenyewe, pengo linalofungwa ni la marehemu tu, na likishafungwa duara halipanuliwi tena.

Tulicheza. Watu walicheza kama wanavyomchezea mtu waliyempenda, machozi na jasho huwezi kujua kipi ni kipi. Unga ulidondoka kwenye mbao za paa, na mguu wako haukuwepo.

Kiti kipo ukutani. Sitakiondoa.

Kinyozi


Jumatatu, 19 Agosti

Kinyozi,

Barua yako imefika. Mimi si mwepesi wa kusoma ila hii nimeirudia, nimeirudia tena, nikampa mkwe wangu anisomee nione kama kwake itasema vingine. Mwanangu amerudi. Ananisalimia, ananiwekea maji ya kuoga, hazungumzi nami. Mkwe wangu analia jikoni akidhani kelele za sufuria zinamfunika.

Mmefuzu. Nasema kweli, mwalimu wenu nawasifu, hamkuacha tundu hata la sindano. Mimi nilipobuni ugonjwa niliishia kwenye kukata roho. Ninyi mmekwenda mpaka makaburini. Mmeweka na sare za shule bila vifungo. Na kunifunga mimi nikiwa hai, kunivushia mkono juu kama nimezikwa, hiyo hata mimi nisingethubutu.

Basi sikiliza. Mmeshinda. Wasomee watu wote, hapo uwanjani, mashine ikizimwa. Kishindo amesema mmeshinda. Sina masharti. Kiti kisibebwe kichwani wala begani, kikae hapo hapo kilipo, nitakikalia, nitapiga makofi. Na kweli nilikuwa namwegemea. Hilo usiwasomee.

Nakuja Jumamosi na lori la saruji, nitakaa mbele na dereva. Uwanjani sitafika kwanza, nitapita kwake, nitagonga mlango. Wewe uwe ndani na wenzako wote, na Mpiga ngoma, mjipange nyuma ya mlango kama tunavyojipanga siku zote. Njuga zake ninazo mimi, nimezitoa kwenye geti, nimezifuta mafuta. Nitampitishia chini ya mlango. Ule mlango una nafasi kubwa chini, sakafu niliikosea, nilijua siku ile ile na sikutaka kusema. Mpeni muda azivae taratibu, miguu imevimba. Msimharakishe. Mimi nitasubiri nje hata siku nzima, fimbo ninayo.

Halafu atoke. Nitacheka, Kinyozi. Nitacheka mtaa mzima unisikie, na nikishacheka nimerudi, si ndiyo sheria?

Mwambie atoke tu.

Kishindo